Jicho la nondo juu ya kioo: mwongozo kamili wa kutengeneza uso usioakisi nuru

Nondo ni mdudu wa usiku, na kwa mdudu wa usiku kila chembe ya nuru ni riziki. Mwaka 1962 watafiti C. G. Bernhard na W. H. Miller walieleza walichokiona kwa hadubini ya elektroni juu ya macho ya wadudu. Kwa nondo, uso wa kila lenzi ndogo umejaa vinundu vilivyosongamana, kila kimoja kikiwa na kimo cha nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni moja ya milimita), na kutoka kilele hadi kilele ni karibu umbali huohuo. Hiyo ni chini ya nusu ya urefu wa wimbi la nuru ya kijani. Nuru haiwezi kukitambua kinundu kimoja kimoja; inachokutana nacho ni hewa inayogeuka kuwa lenzi polepole, bila mpaka. Pasipo na mpaka, hapana cha kuirudisha nyuma.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kutengeneza uso wa namna hiyo kwa vifaa vya maabara ya kawaida ya kemia: kwanza zoezi jepesi la maji ya moto, kisha kazi kamili ya kutengeneza kalibu na kunakili vinundu juu ya plastiki au kioo. Vifaa si ndio ugumu. Ugumu ni kusoma kosa lako pale uso unapokataa kuwa mweusi, yaani unapoendelea kuakisi, na ndiyo maana kuna sehemu nzima hapa inayohusu rangi ya mng'ao unaobaki.

Kwa nini kioo kinang'aa

Kila kitu kinachopitisha nuru kina namba yake ya mpinduko, yaani mara ngapi nuru inapunguza mwendo ikiwa ndani yake. Hewa ni 1, kioo cha kawaida ni 1.5. Nuru ikiingia wima, sehemu inayorudi hupatikana kwa kutoa namba moja katika nyingine, kugawanya kwa jumla yao, kisha kuzidisha jibu kwa lenyewe. Kwa hewa na kioo: 0.5 gawanya kwa 2.5 ni 0.2, 0.2 mara 0.2 ni 0.04. Asilimia 4 inarudi. Kioo kina nyuso mbili, kwa hiyo karibu asilimia 8 inapotea, na iliyobaki ni kama 92. Kwa silikoni (malighafi ya seli za jua), ambayo namba yake ni 3.5 na zaidi, inayorudi ni karibu theluthi moja.

Sasa badala ya kuruka kutoka 1 hadi 1.5 kwa mkupuo mmoja, panda kwa ngazi 10 za 0.05. Kila ngazi inarudisha takriban asilimia 0.04. Hata ukizijumlisha zote unapata kama 0.4, moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Na kwa kweli hazijumlishiki hivyo: mawimbi yanayorudi kutoka vina tofauti hupishana na kufutana. Mwanafizikia Lord Rayleigh alishalieleza jambo hili kwa hesabu karne ya 19, kabla mtu yeyote hajaliona juu ya jicho la mdudu. Kinundu chenye umbo la pia ni ngazi hiyo bila vidato: kileleni karibu pote ni hewa, shinani karibu pote ni lenzi.

Utando wa kawaida wa kuzuia mng'ao unaopakwa kwenye miwani na kamera hufanya kazi kwa njia nyingine. Tabaka moja la magnesiamu floraidi, lenye namba 1.38, hushusha uakisi wa kioo hadi kama asilimia 1.3, lakini kwa urefu mmoja wa wimbi uliochaguliwa. Ukienda mbali na urefu huo, au ukainamisha kioo, faida inapungua. Vinundu vinavumilia rangi zote na pembe nyingi kwa pamoja. Hilo ndilo linalonifanya niipende njia hii pamoja na taabu zake zote.

Vipimo vitatu vya kuamua kabla ya kugusa kemikali

Umbali kati ya vilele. Vikiachana sana, nuru inavitambua na kutawanyika pembeni. Kanuni ya nuru inayoingia wima ni kwamba umbali uwe mdogo kuliko urefu wa wimbi uliogawanywa kwa namba ya mpinduko. Chukua wimbi fupi kabisa linaloonekana, nanomita 400, gawanya kwa 1.5: kikomo ni 267. Ukitaka uso ufanye kazi hata nuru ikija karibu kulala, gawanya kwa 2.5: kikomo kinashuka hadi 160. Kalibu tutakayotengeneza inatoa 100, kwa hiyo tuko salama.

Kimo. Hapa wengi wanabana. Vinundu vifupi vinaridhisha mawimbi mafupi tu. Wimbi refu jekundu bado linaona mpaka. Lenga angalau theluthi moja ya wimbi refu unalolijali, na nusu ni bora. Kwa nuru inayoonekana, nanomita 250 ni mwanzo mzuri na 350 ni bora zaidi. Lakini usivuke mara tatu au nne ya upana wa shina, kwa sababu vinundu vya resini laini (plastiki ya majimaji inayogandishwa) vyenye kimo hicho hulala na kukumbatiana.

Umbo. Kilele kiwe chembamba, mashina yagusane. Kilele bapa ni mpaka mpya uliouweka mwenyewe, na bonde bapa kati ya mashina nalo vilevile. Vinundu vya umbo la pia vyenye shina la duara vikipangwa kama masega ya nyuki hufunika asilimia 90.7 ya sakafu. Vikipangwa kwa mistari ya miraba hufunika 78.5 tu. Kalibu yetu inajipanga yenyewe kwa mtindo wa masega.

Mpangilio kamili si sharti. Kipepeo Greta oto wa Amerika ya Kati, ambaye mabawa yake ni angavu kama kioo, ana vinguzo vya vimo visivyolingana, vimetupwa ovyoovyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa hali hiyo ya kutolingana ndiyo inayomsaidia kuzuia mng'ao hata kwenye pembe kubwa. Kwa hiyo usipoteze wiki ukitafuta safu zilizonyooka.

Zoezi la kwanza: alumini na maji ya moto

Fanya hili kabla ya jingine lolote. Chukua kipande cha kioo safi kilichopakwa alumini kwa mvuke katika chemba ya ombwe, unene wa nanomita 20 hadi 40, pande zote mbili. Funika nusu ya kioo wakati wa kupaka ili ubaki na sehemu ya kulinganisha. Pasha maji yaliyoondolewa ioni hadi yapite nyuzi 90, kisha zamisha kioo.

Ndani ya dakika chache kioo cha fedha kinakuwa angavu. Alumini inaungana na maji na kuota kama majani membamba ya oksaidi yenye maji, mazito chini na membamba juu: ngazi yetu ileile, imejiotea. Acha dakika 10, toa, suuza, kausha kwa kupuliza nitrojeni. Weka kioo juu ya karatasi nyeusi chini ya taa na uangalie ule mstari wa katikati, upande mmoja taa inaonekana, upande wa pili imefifia.

Maji ya bomba hayafai. Silikati na fosfati, hata zikiwa kidogo sana, huziba uso wa alumini na majani hayaoti. Kioo kikibaki na madoa ya fedha, shuku maji kwanza, halafu mafuta ya vidole.

Kampuni ya kamera ya Canon ilitumia vinundu vya oksaidi ya alumini vyenye kimo cha nanomita 220 kwenye lenzi ya EF 24mm f/1.4L II USM iliyotoka mwaka 2008, kwa hiyo zoezi hili dogo lina ndugu mkubwa kiwandani.

Kalibu: visima vyenye umbo la pia

Alumini ikiwekwa kwenye asidi ikiwa upande chanya wa umeme, juu yake huota oksaidi yenye visima vilivyosimama wima. Hideki Masuda na Kenji Fukuda walionyesha mwaka 1995 kwamba visima hivyo vinaweza kujipanga kama masega, na mwaka 1996 Masuda na M. Satoh walieleza njia ya kuupata mpangilio huo kwa kuotesha mara mbili. Umbali kati ya visima unaamuliwa na volti: nanomita 2.5 hivi kwa kila volti 1. Volti 40 zinakupa nanomita 100.

Utahitaji bamba la alumini lenye usafi wa asilimia 99.99 au zaidi, lililong'arishwa kama kioo cha kujitazamia. Chanzo cha umeme wa DC, yaani wa mkondo wa upande mmoja. Kipande cha grafiti cha upande hasi. Sumaku ya kukorogea. Beseni la barafu. Asidi ya oksaliki na ya fosforiki. Na kipimajoto unachokiamini. Maelekezo mengi ya kung'arisha alumini kwa umeme hutumia asidi ya pakloriki na ethanoli. Mchanganyiko huo unaweza kulipuka, nami sioni sababu ya kuuleta mezani wakati bamba lililong'arishwa tayari linanunulika.

Vaa miwani na glovu, fanya kazi kwenye kabati la kuvuta hewa. Asidi ya oksaliki ni sumu, na volti 40 kwenye mikono yenye maji si za kuchezea: zima umeme kabla ya kuingiza mkono.

Hatua ya 1. Osha bamba kwa asetoni, kisha ethanoli, kisha maji. Funika mgongo na kingo kwa utepe unaostahimili asidi.

Hatua ya 2. Yeyusha gramu 37.8 za asidi ya oksaliki yenye maji mawili katika maji ya kutosha lita 1; hiyo ni mola 0.3. Poza hadi nyuzi 5 hadi 10 na ukoroge muda wote. Joto likipanda uotaji unakwenda kasi, na bamba linaweza kuungua mahali pamoja.

Hatua ya 3. Washa volti 40 kwa saa 1. Tazama ampea: zinaanza juu, zinaporomoka huku tabaka la kizuizi likiota, zinapanda kidogo visima vinapofunguka, halafu zinatulia. Usipouona mwendo huo, simamisha. Bamba halikuoshwa vizuri au mguso wa waya ni mbovu.

Hatua ya 4. Zamisha bamba katika asidi ya fosforiki ya asilimia 5 kwa nyuzi 30, saa 3 hivi, mpaka oksaidi yote iyeyuke. Kinachobaki ni alumini yenye vishimo, na kila kishimo kitakuwa mdomo wa kisima kipya. Mapishi ya kawaida huongeza asidi ya kromiki hapa ili kuilinda alumini. Kromiki husababisha saratani, na kwa kuwa hatudai mpangilio kamili, tunaweza kuiacha.

Hatua ya 5. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Otesha kina kidogo, panua, otesha tena, panua tena. Rudi kwenye oksaliki kwa volti 40 hadi upate kina cha nanomita 50, suuza, kisha panua visima kwenye fosforiki ya asilimia 5, nyuzi 30, kwa dakika 12. Rudia mara 5. Mdomo wa kisima umepanuliwa mara zote tano, sakafu yake mara moja tu, na kwa hiyo kisima kinakuwa na umbo la pia iliyopinduliwa yenye kina cha nanomita 250.

Muda wa kuotesha nanomita 50 unategemea joto na mkorogo wako. Kwenye asidi baridi ni kama dakika moja, lakini usiniamini, pima. Otesha bamba la majaribio kwa dakika 20, likunje mpaka oksaidi ipasuke, tazama ukingo wa ufa kwa hadubini ya elektroni upime kina, na ukigawanye kwa dakika. Upanuzi katika nyuzi 30 ni takriban nanomita 1 ya kipenyo kwa dakika. Kisima kinaanza na kipenyo cha 30 hadi 40, kwa hiyo dakika 60 za jumla zinaufikisha mdomo karibu na 100, pale kuta zinapokuwa kama makali ya wembe. Ukizidisha, kuta zinaanguka na kalibu imekufa. Nyuzi 3 zaidi za joto zinatosha kukuharibia hesabu, ndiyo maana nikataja kipimajoto unachokiamini.

Hatua ya 6. Suuza kwa maji, halafu ethanoli, kausha. Weka kalibu kwenye chombo cha ombwe pamoja na matone machache ya silani yenye florini (kemikali inayojishika juu ya uso kama ngozi nyembamba) kwa saa 1, kisha ipashe katika nyuzi 100 kwa dakika 30. Bila ngozi hii ya florini resini itaganda ndani ya visima na haitatoka. Silani ya triklori hutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki ikigusa unyevu. Usifungue chombo nje ya kabati la kuvuta hewa.

Kunakili

Chagua resini ya akrilati inayoganda kwa mwanga wa urujuanimno, nyepesi kama mafuta ya kula au zaidi. Namba yake ya mpinduko iwe karibu na ya kitu unachokipaka. Resini ya 1.50 juu ya kioo cha 1.52 inarudisha kiasi kisichopimika. Juu ya plastiki ya PET yenye 1.65, mpaka wa chini peke yake unarudisha asilimia 0.23, na hicho ni karibu nusu ya ile nusu asilimia ambayo kazi makini huilenga. Utando wa selulosi triasetati, wenye 1.48 hadi 1.49, ni rafiki mzuri.

Kioo kipakwe kwanza silani yenye mkia wa akrilati ili resini ishike. Dondosha resini ukingoni mwa kalibu, laza utando kuanzia ukingo huo, na uusukume kwa rola la mpira taratibu ili hewa itangulie mbele. Subiri dakika 2 au 3. Hewa iliyonaswa ndani ya visima inahitaji muda wa kuyeyukia katika resini, na ukiharakisha utapata vinundu vilivyokatwa vichwa. Angaza kwa taa ya nanomita 365 kupitia upande wa utando, maana alumini haipitishi kitu. PET inauruhusu mwanga huo. Kaa nayo kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi ya resini, kisha ongeza nusu. Bandua kuanzia pembe moja, kwa mwendo mmoja usiosita. Resini hunywea kidogo ikiganda, na kunywea huko kunakusaidia kuichomoa.

Mng'ao unaobaki ni mwalimu

Bandika utepe mweusi nyuma ya nakala ili uso wa nyuma usikudanganye. Simama chini ya taa nyeupe, inamisha nakala taratibu, na utazame rangi.

Mng'ao mwekundu au wa kahawia: vinundu ni vifupi. Mawimbi mafupi yameridhika, marefu bado. Ongeza kina, yaani duru moja zaidi ya kuotesha na kupanua, ukipunguza dakika za kila upanuzi ili jumla ibaki 60.

Ukungu wa buluu ukitazama kwa pembeni: umbali kati ya vilele ni mkubwa mno, au mashimo mawili yameungana kuwa moja mara nyingi. Kagua kama volti zilikuwa 40 kweli kwenye bamba, si kwenye kioo cha mashine tu, na kama upanuzi haukupitiliza.

Ukungu mweupe pote: vinundu vimelala na kushikana. Hutokea nakala ikiloweshwa na kuachwa ikauke, kwa sababu maji yanapopungua huvivuta vilele pamoja. Punguza kimo au tumia resini ngumu zaidi.

Mng'ao wa kijivu usio na rangi: vilele ni bapa. Visima havikujaa resini, au upanuzi wa mwisho ulikuwa mrefu ukatanua sakafu.

Mistari ya upinde wa mvua: kosa haliko kwenye vinundu kabisa. Ni resini na utando visivyolingana namba, na nuru inacheza ndani ya tabaka katikati yao. Nimeona watu wakitengeneza kalibu tatu mpya kwa kosa hili, wakati dawa yake ni kubadilisha chupa ya resini.

Baada ya jicho, vipimo. Spektromita yenye tufe la kukusanyia nuru hupima yote inayorudi, ile ya moja kwa moja na iliyotawanyika. Usipime ya moja kwa moja peke yake: uso wenye ukungu hutawanya nuru, na kipimo hicho kitausifu kama mzuri. Linganisha na resini ileile isiyo na vinundu: wima inarudisha asilimia 4, na kwa nyuzi 60 inarudisha 8.9. Nakala nzuri hukaa chini ya asilimia 1 wima katika rangi zote zinazoonekana, na kazi makini huifikisha chini ya nusu ya hapo. Kioo kilichonakiliwa pande zote mbili kinaweza kupitisha asilimia 99.

Kwa umbo lenyewe tumia hadubini ya elektroni, ukipaka nakala chuma chembamba kwanza. Sindano ya hadubini ya kani ya atomu ni pana kuliko mabonde haya. Itakuambia vinundu ni vifupi kuliko vilivyo.

Kwa silikoni njia ni nyingine: plazima (gesi iliyochajiwa kwa umeme) ya salfa heksafloraidi na oksijeni huichonga sindano nyingi mpaka inakuwa nyeusi tii, kama Henri Jansen na wenzake walivyoeleza mwaka 1995. Sindano hizo huongeza eneo la uso, na kwenye seli za jua elektroni hupotelea hapo usipozifunika vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto na wa Barcelona walizifunika kwa oksaidi ya alumini na kufikia ufanisi wa asilimia 22.1.

Mahali pa kuutumia na jinsi ya kuutunza

Kidole ndicho adui. Mafuta yake yana namba ya mpinduko karibu na ya resini, yanajaza mabonde, na alama ya kidole inang'aa zaidi juu ya uso mweusi kuliko ambavyo ingeng'aa juu ya kioo kitupu. Kitambaa kinayasukuma mafuta ndani zaidi na kuvunja vilele. Kwa hiyo weka vinundu mahali pasipoguswa: uso wa ndani wa kioo cha kifaa, lenzi zilizofungwa ndani ya bomba la kamera, kioo cha kabati la maonyesho kwa upande wa vitu. Vumbi liondoe kwa kupuliza tu. Alama ya mafuta isuuze kwa ethanoli inayotiririka, bila kusugua, na uifukuze kwa nitrojeni kabla haijakaukia juu ya nakala.

Kalibu nayo ihifadhi kavu, uso ukitazama chini. Nakala zikianza kung'ang'ania wakati wa kubandua, ngozi ya florini imechakaa: safisha mabaki ya resini kwa plazima ya oksijeni dakika chache, urudie hatua ya 6, na uendelee na visima vilevile.